Simeoni Nsibambi: Mtu Aliyejifunza Kutulia

Masomo: Mathayo 11:28–30; Luka 10:38–42; Waebrania 4:9–11



Jumapili iliyopita somo letu lilikuwa pumziko. Baada ya ibada watu kadhaa walinishika mkono pale mlangoni, na kila mmoja kwa njia yake aliniuliza swali lile lile: je, hilo pumziko ni la watu wa mpakani pia, ama ni la watu wa ofisi wanaofunga saa kumi na moja jioni na kwenda nyumbani?

Ni swali la haki. Hapa kwetu kazi hailali. Malaba malori yanapita usiku na mchana, na wewe uliye ajenti wa kutoa mizigo forodhani unajua kwamba simu inaweza kulia saa nane usiku, dereva amefika, karatasi hazijakaa sawa, na tajiri wa mzigo yuko Kampala anapiga kelele. Busia mama wa nyanya anaamka saa kumi alfajiri ili awahi bei, na saa tatu usiku bado anahesabu shilingi za nchi mbili chini ya taa. Kijana wa bodaboda anakuambia ukikaa chini dakika kumi, abiria wako amebebwa na mwingine. Na tusidanganyane, sisi wenyewe ndio tuliowapa dunia neno boda-boda, kutoka kwa wale wa baiskeli waliokuwa wakibeba watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi mwingine hapa Busia. Kukimbia ni desturi ya mji wetu.

Kisha Jumapili inafika, na badala ya kupumzika kuna ibada mbili, kamati, mazoezi ya kwaya, harambee, na Ijumaa ilikuwa kesha. Nawajua watumishi katika kanisa hili ambao siku ya Bwana ndiyo inayowachosha kuliko Jumatatu.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma. Katika hesabu za biashara kuna jambo moja ambalo mhasibu halisahau: uchakavu. Ukinunua lori, kila mwaka unaandika kitabuni kwamba thamani yake imepungua kiasi fulani, kwa sababu chombo kinachofanya kazi kinachakaa. Hata lori linaandikiwa uchakavu. Mwanadamu haandikiwi. Anatumika mwaka hadi mwaka kana kwamba ni mpya, mpaka siku moja presha inamwangusha sokoni ndipo watu wanasema, kumbe alikuwa mgonjwa.

Kwa hivyo juma hili sitawaandikia nadharia. Nataka tutazame maisha ya mtu mmoja wa jirani, hapo tu ng'ambo, ambaye Mungu alimfundisha pumziko na kwa kupitia yeye akawasha moto uliofika mpaka kwetu. Jina lake ni Simeoni Nsibambi wa Buganda.

Kijana mwenye mipango

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897, mtoto wa chifu. Nyumba yao haikuwa ya shida. Alisoma Mengo, kisha King's College Budo, shule ambayo wakati huo ilikuwa mlango wa watoto wa wakubwa kuingia serikalini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja alitumika katika kikosi cha Waafrika cha huduma za tiba. Baada ya vita alipata kazi ya afya katika serikali ya Buganda, na akapanda cheo. Kwa lugha ya leo tungesema kijana amejipanga: ana elimu, ana kazi, ana jina la baba, ana ardhi.

Lakini alikuwa na kiu moja kubwa. Alitaka kwenda kusoma ng'ambo. Alitarajia kupewa nafasi ya masomo ya serikali, na nafasi hiyo hakuipata. Jambo hilo lilimuuma sana. Wewe uliyewahi kungoja jina lako kwenye orodha, ukasoma kutoka juu hadi chini na hukujiona, unajua uchungu huo.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1922, ndipo Mungu alipomshika. Ushuhuda wake ulikuwa kwamba Bwana alimfunulia jinsi uzima wa milele ulivyo mkubwa kuliko masomo yale aliyoyalilia, na kwamba mtu akiyapata yale akaukosa huu, amepata hasara. Akaokoka. Mwaka 1925 akamwoa Eva Bakaluba, na Mungu akawabariki kwa watoto wengi. Mmoja wao, Apolo Nsibambi, ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uganda kuanzia mwaka 1999 hadi 2011.

Hebu tulia hapo kidogo. Uchovu wa Nsibambi wa kwanza haukuwa wa mikono. Ulikuwa uchovu wa moyo unaokimbilia kitu kimoja na kuamini kwamba bila hicho maisha si kitu. Uchovu wa namna hiyo hauponi kwa kulala. Unaweza kwenda likizo mwezi mzima na ukarudi nao vile vile. Huponywa tu pale mtu anapopewa kitu kikubwa kuliko kile anachokikimbilia.

Kanisa kubwa, moyo baridi

Mwaka 1927 kanisa la Uganda lilisherehekea miaka hamsini tangu wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Ilikuwa kazi ya kustaajabisha. Kulikuwa na makanisa, shule, hospitali ya Mengo, wachungaji Waafrika na mashahidi waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Kwa takwimu ungesema kanisa limefaulu.

Lakini watu kama Nsibambi waliona jambo lingine. Ukristo ulikuwa umegeuka kuwa heshima, cheti cha ubatizo, jina la kizungu na nafasi ya kazi. Shughuli zilikuwa nyingi na nguvu ilikuwa kidogo. Nsibambi alianza kuomba na kutafuta, akiwa bado mtu wa serikali, na akijua moyoni kwamba kuna jambo ambalo hajalipata.

Wapendwa, jambo hili litutie hofu njema. Kanisa linaweza kuwa na ratiba iliyojaa kutoka Jumatatu hadi Jumapili na bado likawa limechoka na kukauka. Martha alikuwa amemkaribisha Yesu mwenyewe nyumbani kwake, akimpikia Yesu mwenyewe, na bado alikuwa amesumbuka. Haikuwa dhambi kupika. Shida ilikuwa kwamba alikuwa anamhudumia Bwana bila kumsikiliza.

Daktari aliyechoka

Sasa mtu wa pili anaingia katika hadithi yetu. Anaitwa Joe Church, daktari kijana Mwingereza aliyesoma Cambridge. Mwaka 1928 alifika Gahini, kando ya ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda, kuanzisha kazi ya hospitali ya misheni. Alikuja na moto wa ujana, na alichokutana nacho ni njaa. Mwaka huo na mwaka 1929 Rwanda ilipigwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda waliita Rwakayihura. Watu walimiminika Gahini wakiwa mifupa. Wengine walifia njiani. Daktari alitakiwa atibu, alishe, ajenge, asimamie wafanyakazi na ahubiri, yote kwa wakati mmoja.

Kwa muda alisimama. Halafu akaishiwa. Sisemi aliishiwa dawa au chakula tu. Aliishiwa ndani. Hakuona matunda ya kazi yake, wafanyakazi wake walikuwa wazito katika mambo ya Mungu, naye mwenyewe alijiona mkavu. Mnamo Septemba 1929 akaondoka kwenda Kampala kupumzika, akiwa mtu aliyevunjika moyo.

Ndugu yangu unayesoma hapa, huenda wewe si daktari wala hukai Rwanda. Lakini mama mwenye watoto watano, genge la mboga, mkopo wa kikundi, na mkwe mgonjwa kijijini anajua Gahini ni wapi. Kijana anayelipia bodaboda ya mkopo kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe, anajua. Gahini ni pale ambapo mahitaji yanazidi mtu.

Siku mbili Namirembe

Huko Kampala, katika kilima cha Namirembe, Church alikutana na Nsibambi. Walikuwa wamefahamiana kidogo kabla ya hapo. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka kama thelathini, na wote walikuwa na njaa ya jambo moja: nguvu za Roho Mtakatifu katika maisha ya kila siku. Wakakubaliana wakae pamoja na Biblia. Wakakaa siku mbili. Walifuata mafundisho juu ya Roho Mtakatifu, aya kwa aya, kwa kutumia Biblia yenye marejeo, wakasoma na kuomba, wakasoma tena na kuomba tena.

Hilo ndilo lililotokea. Hakukuwa na jukwaa, hakukuwa na vipaza sauti, hakuna mhubiri aliyetoka mbali. Ni watu wawili na Neno, siku mbili. Na wanahistoria wengi wa kanisa wanapoulizwa Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia wapi, huonyesha kidole kwenye siku hizo mbili.

Nataka tuone mambo mawili hapo.

La kwanza, ni nani alimhudumia nani. Ilikuwa 1929, enzi ya ukoloni. Mzungu alikuwa bwana na Mwafrika alikuwa wa kutumwa, hata ndani ya kanisa. Na hapa daktari wa Cambridge anakaa chini na Mwafrika, wanasoma kama ndugu, na yule aliyechoka anapata msaada kwa mkono wa yule ambaye dunia ilimwona wa chini. Mtu mwenye majivuno hapumziki, kwa sababu kila saa analinda cheo chake. Church aliacha kulinda cheo, na ndipo akapata pumzi.

La pili, ile kazi ya Gahini haikupungua. Alipogeuka kurudi, wagonjwa walikuwa wale wale, majengo yale yale, na shida zile zile. Kilichobadilika ni mbebaji. Alikwenda Kampala akibeba Gahini mgongoni, akarudi akiwa ameibeba mbele za Mungu na kuiacha huko. Katika Mathayo 11 Bwana Yesu hasemi kwamba atatupa maisha bila nira. Anataja nira, ila ni nira yake. Ng'ombe wa kulima akifungwa pamoja na mwenzake mwenye nguvu, bado analima, lakini uzito uko kwa yule mwingine. Wazee wetu wa Teso waliolima kwa ng'ombe wanaelewa jambo hili kuliko mimi.

Aliyeacha kazi, na ambaye hakuacha

Upande wa Nsibambi, matokeo yalikuwa tofauti. Haukupita muda akaacha kazi ya serikali. Akavaa kanzu, akaacha viatu, akawa mtu wa kuzunguka Mengo na Namirembe akimwuliza kila anayekutana naye kuhusu wokovu wake. Habari zilimfikia Church kwamba yule rafiki yake amerukwa na akili, anawauliza watu wote kama wameokoka, hata mtunza bustani wa nyumba ya Mzungu hakuachwa. Nsibambi hakutafuta kuwa kasisi. Alibaki mlei maisha yake yote.

Hapa lazima niseme ukweli, maana najua wasomaji wangu. Nsibambi alikuwa na ardhi ya familia. Alipoacha mshahara, watoto wake hawakulala njaa. Wewe uliye na kibanda cha kukodi na karo ya muhula inakusubiri, usisome habari hii ukaenda kesho kufunga biashara ukidai Pasta kaandika. Mungu alimwita Nsibambi aache kazi. Alimwita Church arudi kazini. Wote wawili walikuwa wametoka chumba kimoja. Pumziko ni lile lile, wito ni tofauti. Kwa hivyo usipime pumziko la mtu kwa kuangalia kama ana kazi nyingi au chache.

Moto unavuka mpaka

Mwaka huo huo wa 1929, mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufundisha. Nsibambi angeweza kuwaza kwamba huduma ni yake na kumweka ndugu yake karibu amsaidie. Alimwachilia. Pia Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa hospitali ya Gahini na aliyekuwa mzito kweli kweli wa kuamini, alikuja Kampala kwa Nsibambi, na aliporudi alikuwa mtu mwingine.

Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano wa maombi Gahini, watu walianza kuungama dhambi waziwazi, wakipatanishwa na kurudisha vitu walivyoiba. Mwaka 1935 timu ilifika Kabale. Januari 1936 Blasio akafariki dunia Kampala akiwa bado kijana, akiwa amekuja na mzigo wa kulisihi kanisa liamke. Watu walidhani kazi imeisha, lakini kifo chake kiliwaamsha wengi zaidi. Mwaka 1937 timu ilihubiri Kabete, na mwaka 1938 kukawa na mkutano Maseno, hapa hapa magharibi mwa Kenya. Leo ukienda matanga yoyote kuanzia Amagoro hadi Funyula, utasikia kina mama wakianza wimbo wa Tukutendereza kwa Kiganda, hata wasiojua Kiganda. Sisi Wapentekoste tuna historia yetu wenyewe ya Roho Mtakatifu katika mkoa huu, na tunamshukuru Mungu. Lakini hata hivi tunavyosalimiana kwa kumsifu Bwana na kuulizana kama tumeokoka, sehemu kubwa ya lugha hiyo tulipewa na watu hawa.

Naomba msisitizo wao wa kuungama usipite hivi hivi, kwa sababu unagusa pumziko moja kwa moja. Kuna uchovu unaotokana na kazi, na kuna uchovu unaotokana na kuficha. Mtu aliyepitisha mzigo kwa njia za panya hapumziki hata akilala kitanda cha sita kwa sita. Kila pikipiki ikisimama nje ya nyumba, moyo unaruka. Aliyeandika thamani ya uongo kwenye karatasi za forodha, aliyepokea chai ili afumbe macho, aliyekula pesa za kikundi, mwenye simu mbili ambazo moja mke wake haijui: hawa wote wanafanya kazi mbili, ya mchana na ya kuficha. Wale wa Gahini walipoungama na kurudisha, wengi walishuhudia furaha. Walikuwa wametua mzigo wa pili. Daudi katika Zaburi ya 32 anasimulia jambo hilo hilo, jinsi mifupa yake ilivyochakaa alipokuwa amenyamaza.

Mtu wa nyumbani

Sasa nifike sehemu ya maisha ya Nsibambi ambayo kwangu mimi ndiyo ya ajabu kuliko zote.

Miaka ya 1940 ilipoanza, Uamsho ulikuwa katika msukosuko. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa ajili ya msimamo wao wa Uamsho, akiwemo William Nagenda, shemeji yake Nsibambi. Kulikuwa na mabishano na maaskofu, na ndugu wengine walizidi mipaka kwa ukali wao. Ungesema huu ndio wakati kiongozi anahitajika kila mahali, Kampala asubuhi, Mukono mchana, Kabale kesho.

Na ni katika miaka hiyo Nsibambi akaugua. Afya yake ilivunjika, akawa mtu wa kukaa nyumbani. Siyo mwaka mmoja. Alikaa hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, hadi alipofariki mwaka 1978.

Hebu fikiria hesabu hiyo kama mfanyabiashara. Muda aliozunguka kuhubiri ni kama miaka kumi na kidogo. Muda aliokaa nyumbani ni mara tatu ya huo. Kwa kipimo cha dunia hiyo ni hasara: mtaji mkubwa umelala. Lakini watu walimwendea. Waliokuwa wakizunguka Afrika Mashariki wakihubiri walipita kwake kuomba naye na kutafuta ushauri. Nyumba ya mgonjwa ikawa kisima.

Na kazi iliendelea bila miguu yake. Mwaka 1948 kule Acholi, mwalimu mmoja kijana anayeitwa Janani Luwum aliokoka kwa njia ya Uamsho. Ndiye aliyekuja kuwa Askofu Mkuu, akasimama mbele ya Idi Amin, akauawa Februari 1977. Festo Kivengere wa Kigezi, tunda lingine la Uamsho, alihubiri mabara mengi. Wakati haya yanatokea, Nsibambi alikuwa nyumbani kwake Kampala.

Haya ndiyo ninayotaka kila mtumishi wa kanisa hili ayasikie, kuanzia mimi. Kazi ya Mungu si lori ambalo wewe ndiwe dereva peke yako. Ukishuka, halipinduki. Sabato ilipotolewa kwa Israeli, wao walikuwa wametoka tu utumwani, mahali ambapo thamani ya mtu ilihesabiwa kwa matofali. Siku ya saba ilikuwa kuwaambia kwamba hawako tena kwa Farao. Mtu asiyeweza kusimama hata siku moja bado ana Farao mahali fulani, hata kama Farao huyo amevaa nguo za kanisa.

Tufanye nini sasa

Sitaki tufunge gazeti hili tukisema ni hadithi nzuri, halafu simu ilie na tuendelee vile vile. Nina mambo manne.

Kwanza, chagua kipindi chako cha juma, na ukilinde. Kama siku nzima haiwezekani, anza na nusu siku. Najua mtasema ukifunga leo, kesho huli. Basi msifunge, badilishaneni. Maajenti wawili waliookoka wanaweza kushikiana zamu: Jumapili hii wewe unashika simu zangu, ijayo nashika zako. Kina mama wawili wa soko wanaweza kuangaliana vibanda. Siyo jambo gumu, linahitaji kuaminiana tu, na kanisa ni mahali pa kuaminiana.

Pili, usitafute pumziko peke yako. Church alipata msaada kwa sababu kulikuwa na Nsibambi. Tafuta ndugu mmoja au dada mmoja, kaeni na Biblia saa mbili, simu zimezimwa. Mkipata siku mbili, Bwana asifiwe.

Tatu, kama kuna jambo umeficha, litue. Usilisimamie mbele ya kanisa zima kama si la kanisa zima. Nenda kwa mtu uliyemkosea, au njoo kwa wachungaji. Kama ni deni, panga namna ya kulipa, hata kidogo kidogo. Usingizi wake una thamani kuliko faida uliyoficha.

Nne ni upande wetu viongozi. Nimezungumza na mchungaji wetu kiongozi, naye amekubali: kuanzia mwezi ujao, siku ya Alhamisi haitakuwa na mkutano wowote wa kanisa. Hakuna kamati, hakuna mazoezi, hakuna kikundi. Siku hiyo kaa na watoto wako, kula chakula kikiwa moto, lala mapema. Mtu akikuita kikao cha kanisa Alhamisi, mwambie Pasta amekataa.

Na kwa wewe ambaye umelazwa, au umezeeka, au umepunguzwa kazini na unajiona huna faida tena kwa Mungu: mkumbuke Nsibambi. Miaka ile ambayo watu wangeihesabu kuwa ya bure ndiyo iliyowapa wengine mahali pa kuja kunywa. Bado kuna kazi ambayo hufanywa na mtu aliyekaa.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe unaujua mpaka huu, barabara yake na vumbi lake. Unawajua wanaolala ndani ya malori wakingoja karatasi, na wanaohesabu pesa hawajui kama zitatosha. Tunatua mizigo yetu kwako, ile tunayoonekana nayo na ile tuliyoificha. Tufundishe kufanya kazi bila hofu na kusimama bila aibu. Utupe mtu wa kukaa naye katika Neno lako. Na uwape pumziko leo wote waliochoka katika nyumba zetu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani juma hili:

1. Ni kitu gani unachokikimbilia ukiamini kwamba bila hicho maisha yako si kitu?
2. Soma Luka 10:38–42. Katika huduma yako kanisani, unafanana na nani zaidi, na kwa nini?
3. Ni nani katika kikundi chenu mnayeweza kushikiana zamu ya kazi ili kila mmoja apate siku yake?